Povu Kwenye Bendera

Ukitaka kumwona Dada Bendera amepandisha, mwambie mbio za magari ni mchezo wa watu wasio na kazi kuchoma mafuta. Ataacha cherehani palepale, mguu ungali kwenye kanyagio, na utapewa somo mpaka ujute kuzaliwa na mdomo. Na cha kuchekesha, mwenyewe hajawahi kuendesha hata baiskeli. Gari hana, leseni hana, na akipewa lifti hufumba macho kwenye kona. Lakini kila Jumapili ya mashindano, huyo! Ovaroli ya rangi ya chungwa, kofia pana, chupa ya maji kiunoni, anasimama Kona ya Tangi na bendera zake, na hapo hata waziri angepita na gari lake angesimama akiambiwa asimame.

Kazi yake ya kumpa mkate ni kushona. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, na ndani yake cherehani mbili, moja ya vitambaa laini na moja ya ngozi na turubai. Hushona viti vya magari, mifuniko ya pikipiki, mapazia ya ofisi, na ukimbembeleza sana, sare za shule. Ukutani ametundika makava ya viti yanayosubiri wenyewe, na mgeni akiingia kwa haraka hudhani kuna watu wamekaa foleni bila vichwa.

Kilichomwingiza kwenye mbio ni mdogo wake. Huyu ni fundi magari, na watu wamemwita Kisigino tangu zamani, kwa sababu mguu wake wa kulia ukishakanyaga haujui tena kuinuka. Alipoanza kushindana, dada mtu alikaa jukwaani mara moja tu. Roho ilimpanda juu, akatoka kabla mbio hazijafika katikati, akaenda kumwambia mkuu wa uwanja ampe kazi yoyote ile iliyo karibu na barabara, kwa maana kukaa na kutazama hawezi. Akapewa bendera. Akafundishwa: ya njano, angalia, ya buluu, mpishe mwenzio, nyekundu, simama. Na aliyemfundisha, Babu Ndoo, mstaafu anayekaa kona ileile na ndoo zake za mchanga na mtungi wa kuzimia moto, alimwongezea neno moja ambalo halikumtoka tena. Alimwambia mshika bendera hana ndugu. Hashangilii, hapigi makofi, haiti jina la mtu.

Neno hilo alilipenda, na bendera nyekundu aliipenda zaidi. Fikiria mwenyewe. Kwenye mchezo ule watu wanabishana juu ya kila kitu, matairi, mafuta, nani alimgonga nani, nani kaanza kabla ya wakati. Lakini nyekundu ikipanda, ubishi umekwisha. Wote wanasimama, mwenye gari la bei mbaya na mwenye gari la kuungaunga.

Sasa, kama kulikuwa na mtu duniani Dada Bendera hakuiva naye, ni Mwenyekiti wa chama cha mbio. Watu walimwita Mzee Risiti, kwa kuwa hata ukimnunulia maji ya kunywa atakuomba risiti. Mrefu, mkavu, suti ya kijivu jua liwe kali lisiwe kali, na simu mbili ambazo hazikai mfukoni. Mzee huyu alikuwa ameuza kila kinachouzika pale uwanjani. Mnara una jina la benki, vyoo vina jina la duka la rangi, na lile tangi la maji la kwenye kona, tangi kuukuu lenye kutu, lilikuwa limepakwa tangazo la dawa ya meno. Dada Bendera alisema kama upepo ungekuwa na mlango, Mzee Risiti angeshakaa mlangoni na tiketi.

Kisigino yeye alimtetea, na kila alipokuja kwa dada yake kuziba kiti chake kilichochanika, ugomvi ulikuwa huohuo. Alimkumbusha kwamba kabla ya Mzee Risiti walikuwa wanakimbizana kwenye mashimo, gari la wagonjwa lilikuwa pikapu ya muuza maziwa, na zawadi ya mshindi ilikuwa kupeana mikono. Lami ile imeletwa na matangazo yale. Mkono mtupu haulambwi, alisema. Dada mtu humjibu kwamba lami sawa, lakini mzee yule akiambiwa achague kati ya mchezo na noti, mchezo utaukuta kwenye jalala. Wakibishana hivyo, kiti hushonwa, chai hunywewa, na kila mmoja huondoka na imani yake.

Basi mwaka huo, kabla ya mbio za mwisho, mbio za kombe, Mzee Risiti akaingia mwenyewe kwenye kile chumba cha kushonea. Alikuwa amempata mdhamini mkubwa, kampuni ya sabuni ya unga, na kwa mara ya kwanza mbio zingeonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Sabuni ile rangi yake ni nyekundu, na alama yake ni povu jeupe, mviringo mkubwa wenye vimviringo vidogo pembeni. Walitaka povu lao lionekane kila mahali. Kwenye uzio, kwenye kofia, na, alisema huku akitazama dari, kwenye bendera.

Dada Bendera aliweka mkasi chini. Akamuuliza kama anamaanisha bendera zenyewe, hizi za kuwasimamisha watu. Mzee Risiti akasema ndiyo, zile nyekundu, katikati tu, rangi yake itabaki kuwa nyekundu. Halafu akataja malipo.

Hapa ndipo ningependa kukwambia kwamba alimfukuza kwa fagio. Hakumfukuza. Malipo yalikuwa mazuri, cherehani ya ngozi ilikuwa imekatika sindano ya gharama, kodi ya pango ilikuwa inamwangalia, na akajiambia kazi ni kazi. Kama si yeye, angeshona mwingine, tena vibaya. Akakata mapovu, akayashonea juu ya kitambaa chekundu, moja baada ya jingine, mshono wa karibu karibu, ncha akizifunga kwa kwenda na kurudi ili zisiachie hata kwa kimbunga. Ile ya mwisho tu ndiyo aliyoivuruga. Mzee Risiti alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa na kusema na simu zote mbili, naye akairefusha mishono, akakata uzi bila kufunga. Akaona aibu kumpa mshika bendera mwenzake kazi mbovu kama ile, kwa hiyo akaibakiza iwe yake.

Kisigino alipozikuta mezani alicheka mpaka akakaa. Alimuuliza dada yake ni nani sasa anayeuza mchezo. Dada Bendera akamwambia avue viatu, anachafua sakafu. Lakini usiku huo usingizi haukuja kwa urahisi, maana alijua, moyoni alijua, kwamba kitu chekundu chenye povu si sawa na kitu chekundu.

Na mbio zile kwa Kisigino hazikuwa za kawaida. Mkewe alikuwa amechoka na gari linalokula kuliko watoto. Walikubaliana, akiwa na akili zake timamu na mbele ya mashahidi, kwamba mwaka huu asipoleta kombe nyumbani, gari linauzwa na mchezo umekwisha. Wifi yake Dada Bendera hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameshampata mnunuzi.

Jumapili ikafika. Jua limewaka, jukwaa limejaa, kamera zimepandishwa juu ya mnara. Uzio mzima, kutoka mnarani mpaka Kona ya Tangi na kurudi, umefunikwa vitambaa vyekundu vyenye povu jeupe. Na kampuni ya sabuni, kwa ukarimu wake, ilikuwa imewagawia watazamaji wote vibendera vya karatasi. Vyekundu. Vina povu. Wapo watu uwanjani waliozeeka kwenye mchezo huu, wanajua shinikizo la tairi kwa kulipiga teke, na hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza, jamani, kwenye mbio za magari tunampaje kila mtu bendera nyekundu mkononi?

Halafu likaja agizo. Mkuu wa mnara aliwaambia washika bendera wote kwa redio kwamba leo tuko hewani, hakuna kupandisha nyekundu bila ruhusa ya mnara. Babu Ndoo alitema mate pembeni. Kutoka mnarani Kona ya Tangi haionekani, tangi lenyewe limeiziba. Dada Bendera akaizungusha bendera yake kwenye mti wake na kuikunjua.

Wee, mbio zilikuwa tamu! Aliyeongoza alikuwa daktari wa meno, mtu mpole mwenye tabia ya kukutazama meno kabla ya kukutazama macho, na gari lake jipya lilikuwa na povu boneti nzima. Nyuma yake Kisigino. Kila mzunguko Kisigino alikuwa anamla kidogokidogo. Wakipita Kona ya Tangi, Dada Bendera alisikia ile injini ya mdogo wake anayoijua kama sauti ya mtoto wa nyumbani, akahisi ardhi inatetemeka chini ya viatu, na kila mara alikuwa akikunja vidole ndani ya glavu ili mikono isipige makofi bila kutumwa. Mshika bendera hana ndugu. Jasho lilimtiririka.

Mizunguko ikawa imebaki michache. Gari moja lililokuwa nyuma kabisa likapasua injini kabla tu ya kona. Mlio mmoja mzito, moshi, oili ikamwagika kama mtu amepindua sufuria, gari likajizungusha na kusimama kimshazari katikati ya lami. Dereva yuko ndani, anapambana na mkanda, mkanda umekwama. Babu Ndoo alikuwa ameshatoka mbio na mtungi wake, mzee wa magoti mabovu yule, anakimbia.

Dada Bendera akashika redio akaomba nyekundu. Mnara ukamjibu asubiri, Mwenyekiti anaulizwa. Na kwa mbali akasikia injini mbili zinakuja.

Hakusubiri. Akaipandisha, akaipeperusha kwa mikono miwili, kwa kiuno, kwa mwili mzima. Na watazamaji wa upande ule walipomwona anapunga povu kwa nguvu zile, wakafurahi. Wakasimama. Wakapunga na wao. Uzio wote ukawa mwekundu unaochezacheza, mapovu juu, mapovu chini, na katikati yake mwanamke mmoja anayepiga kelele asisikike. Daktari wa meno akaja kwa kasi yake yote, akampita kama anavyopita mabango. Akakanyaga oili. Gari likamtoka, likaenda mkia mbele, likapita ubavuni mwa lile lililokwama karibu kabisa na mgongo wa Babu Ndoo, likajirudisha, likaendelea na safari.

Mchuma janga hula na wa kwao. Neno hilo lilimjia likiwa zima, kama mtu kamsemea sikioni, kwa sababu anayefuata ni Kisigino, na Kisigino hainui mguu. Akaikunja bendera kifuani, akatafuta pembe ya povu kwa vidole, akaikosa, akaipeleka mdomoni. Akauma. Akavuta. Kitu kikavunjika mdomoni na hakikuwa uzi. Akauma tena, upande ule alioukata bila kufunga, na mishono ile mirefu ya aibu ikaachia yote kwa mpigo, krrr, povu likachanika likabaki kuning'inia kwa kona moja. Akairusha bendera juu. Nyekundu tupu.

Kisigino alisema baadaye kwamba alipotokea nyuma ya tangi aliona sabuni, sabuni, sabuni, halafu akaona dada yake. Breki zikalia. Gari likayumba, likasimama hatua chache kabla ya oili, na nyuma yake wote wakasimama mmoja mmoja, foleni nzima, moshi wa matairi ukawafunika. Dereva wa gari lililokwama alitolewa mzima, anakohoa na kumwomba Babu Ndoo msamaha.

Lakini mnarani hawajui hili wala lile, walikuwa bado wanauliza. Daktari wa meno akaendelea kuzunguka peke yake, akishangaa wenzake wamekwenda wapi. Alipofika tena kwenye kona wakamzuia, lakini haikuwa na haja, maana karani wa mnara, kwa kiherehere cha televisheni, alikuwa ameshampungia bendera ya ushindi kabla mizunguko haijaisha. Muziki wa kampuni ya sabuni ukapigwa kwenye vipaza sauti.

Kisigino alishuka, akavua kofia ngumu, akasikiliza ule muziki. Akamgeukia dada yake.

"Dada, umenisimamisha mimi tu?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Dada Bendera alikuwa na damu mdomoni na kipande cha jino mkononi. Alimwona wifi yake akilini, na mnunuzi, na gari likivutwa kwa kamba. Mdogo wake amemtii, amekosa kombe. Asiyetii analo.

Mzee Risiti alikuja kwa miguu, suti yake ya kijivu imeota vumbi mpaka magotini, simu moja inalia mkononi. Daktari wa meno alikuja nyuma yake, na madereva wengine wakazunguka. Mzee aliitazama oili, akalitazama gari lililokwama, akayatazama magoti ya Babu Ndoo. Mwisho akaitazama bendera.

"Nani amechana?"

"Mimi."

"Nani alishona?"

"Mimi pia," alisema Dada Bendera. "Nilijua haifai, nikashona. Pesa ilikuwa nzuri."

Daktari wa meno ndiye aliyefuata, na alisema la haki yake. Yeye hakukaidi bendera. Yeye aliona tangazo, na tangazo halimsimamishi mtu. Dada Bendera, hata na kinywa kinachouma, alilazimika kukubali kwa kichwa. Ni kweli tupu. Simu ya Mzee Risiti iliendelea kulia. Alipoipokea, sauti ya meneja wa sabuni ilisikika kwa kila mtu, inataka kombe likabidhiwe mbele ya kamera sasa hivi, na gari lenye povu lionekane vizuri. Mzee aliisogeza simu mbali na sikio kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Nani mwenye mkasi?" aliuliza.

Fundi hakosi mkasi, hata kwenye ovaroli; Dada Bendera akautoa, na ndipo akakumbuka kwamba alikuwa nao tangu mwanzo. Mzee Risiti alichukua bendera, akakata kile kipande cha mwisho kilichoshikilia povu, akalikunja povu vizuri, akalitia mfukoni. Akaagiza bendera zote za kona zote ziletwe zibanduliwe mapovu. Watazamaji waambiwe wakalie vibendera vyao. Mchanga umwagwe, oili ikaushwe, mbio zirudiwe, magari yapangwe kama yalivyokuwa kabla ya nyekundu.

Wakamuuliza kwa nini. Mtu mwingine hapo angetoa hotuba. Mzee Risiti alitazama saa.

"Tumelipiwa hewani mpaka jioni," alisema. "Sasa nitawaonyesha nini, ngoma?"

Mpaka leo watu wanabishana juu ya maneno hayo. Wako wanaosema mzee aliogopa tu mtu afe mbele ya kamera akose wadhamini maisha. Wako wanaosema alisema vile ili asionekane ana moyo. Mimi nilikuwa nafikiri hivi, siku hizi nafikiri vile.

Dada Bendera alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akabandua mapovu moja baada ya jingine, akilaani ule mshono wake mzuri wa karibu karibu ambao haukutaka kuachia. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kona. Akaburuza kiatu juu ya mchanga, mbele, nyuma, akaufagia, akaburuza tena, mpaka akaridhika. Akarudi mahali pake, akasimama na nyekundu tupu mkono mmoja na njano mkono mwingine, zote zimeelekea chini.

Magari yakaachiwa. Mizunguko ilikuwa michache, na jamani, hakuna aliyekaa kitini! Daktari mbele, Kisigino mgongoni kwake. Mzunguko wa kwanza hivyo, wa pili hivyo. Lakini Dada Bendera aliona kitu. Kila akifika Kona ya Tangi, daktari aliinua mguu mapema. Pale ndipo gari lilipomtoka, na mwili haujasahau. Akiona ule mchanga anashika breki, hata akijua umefagiwa.

Mzunguko wa mwisho. Wakatokea nyuma ya tangi wamekaribiana kama kidole na pete. Kama kuna hatari yoyote, kazi yake ni kuinua njano. Aliutazama mchanga. Aliitazama lami. Alijua mdogo wake anamtazama yeye, hatazami barabara, anatazama mikono yake. Hakuinua kitu. Alisimama wima na bendera chini, hakupepesa jicho, na huko kusimama kwake ndiko kulikosema yote aliyokuwa nayo moyoni. Daktari akashika breki. Kisigino hakushika. Akajipenyeza upande wa ndani, magurudumu mawili yakirusha mchanga, injini inalia, mguu ule usiojua kuinuka umekanyaga mpaka mwisho, akampita mbele ya macho ya dada yake akatokomea.

Kutoka pale mstari wa mwisho hauonekani. Alisubiri. Halafu jukwaa zima likapasuka kwa kelele, na redio ikataja namba ya gari. Babu Ndoo akamwambia mbio zimekwisha sasa, binti, anaruhusiwa kuwa na ndugu. Dada Bendera akaitupa njano upande mmoja, akaruka juu kwa miguu miwili, akapiga kigelegele mpaka jino lililovunjika likamtia kizunguzungu.

Jino hilo alilijaza daktari wa meno mwenyewe, bure, akimsimulia wakati wote jinsi alivyoshindwa kulala kwa sababu ya mgongo wa Babu Ndoo. Wifi alitimiza neno lake, mnunuzi akaambiwa arudi mwakani, na kombe likawekwa jikoni la kutilia miiko.

Haikupita siku nyingi, Mzee Risiti akaingia tena kwenye chumba cha kushonea. Alitoa povu lililokunjwa mfukoni akaliweka mezani. Watu wa sabuni, alisema, hawajakimbia. Mbio zile watu walizitazama kuliko walivyotarajia. Wanataka kuendelea, wanataka bendera, na wanaongeza. Akataja malipo, na malipo yalikuwa yamenenepa. Wakisema basi, aliongeza kwa sauti ya chini, fedha ya gari jipya la wagonjwa itabidi aitafute pengine, na hajui pengine ni wapi.

Dada Bendera alilichukua lile povu, akalinyoosha kwa kiganja. Akaliona lina alama za meno yake.

"Lina upana gani, mgongo wa mtu?" aliuliza.

Mzee hakuelewa. Dada Bendera akageuka, akamwonyesha mgongo wake mwenyewe, mgongo mpana wa mwanamke aliyeinama juu ya cherehani miaka yote.

"Hapa mzee niandike unavyotaka. Sabuni, dawa ya meno, benki, andika. Na wenzangu nitaongea nao. Bendera niachie."

Mzee Risiti aliutazama ule mgongo kwa muda, midomo inahesabu bila sauti. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu amjue, alicheka, mcheko mkavu, wa mtu asiyeuzoea. Akasema kwamba migongo iko mingi kuliko bendera, bei itabidi ipande. Akampigia meneja palepale.

Kwa hiyo ukienda leo utamkuta Kona ya Tangi na povu kubwa jeupe mgongoni, limeshonwa mshono wa karibu karibu. Kisigino humtania kwamba mzee amemuuza dada yake, na sasa yeye ndiye anayesema yule mtu anapenda pesa kupita kiasi. Dada Bendera humwambia amwache mzee wa watu afanye kazi yake, kisha humkumbusha avue viatu.